Je, Tumevisoma Vitabu Tulivyovihukumu?

Ndugu wasomaji, katika toleo la muhula uliopita Mhariri wa gazeti letu alitutaka sote, wanafunzi na walimu, tupeleke majina mawili: la kitabu tulichokipenda kuliko vyote mwaka huu, na la kitabu tulichokichukia kuliko vyote. Sanduku liliwekwa mlangoni pa maktaba, karatasi zikatiwa humo kwa muda wa majuma mawili, kisha zikahesabiwa mbele ya viranja. Matokeo yalibandikwa kwenye ubao wa matangazo, na tangu siku ile mabwenini hapana mazungumzo yanayozidi hayo.

Nausifu mpango huo. Shule ambayo wanafunzi wake hubishana kwa ajili ya vitabu, wala si kwa ajili ya mpira tu, ni shule iliyo hai. Walakini limetokea jambo lililonifanya nishike kalamu. Katika baraza la shule baadhi ya wenzetu wametoa shauri kwamba, kwa kuwa rafu za maktaba yetu ni chache na fedha ni haba, vitabu vilivyochukiwa viondolewe rafuni vikawekwe stoo, na fedha yote ya vitabu ya mwaka ujao inunue nakala za vile vilivyopendwa. Shauri hilo litaamuliwa muhula ujao. Mimi nalipinga, na sababu zangu naziweka hapa mbele ya wanafunzi wenzangu, mbele ya walimu wetu, na mbele ya wazazi wetu ambao ndio watoao fedha hiyo.

Wahenga walisema kuwa kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Tangu matokeo yabandikwe nimekuwa nikiwauliza wenzangu, mmoja mmoja, swali moja tu: "Kitabu ulichokitaja, umekisoma mpaka mwisho?" Majibu niliyoyapata yalinishangaza. Wengi wa waliochukia hawakusoma. Na lililo zito zaidi, wengi wa waliopenda hawakusoma vilevile. Basi hukumu hii imetolewa na mahakimu ambao hawakuwasikiliza mashahidi. Na tuvitazame vitabu vyenyewe, kimoja baada ya kimoja.

Naanza na kilicho chepesi. Miongoni mwa vitabu vilivyochukiwa kimo Mzimu wa Watu wa Kale, kilichotungwa na Muhammed Said Abdulla wa Unguja. Hadithi hii ilishinda katika mashindano ya kuandika hadithi za Kiswahili ya mwaka 1957/58 yaliyoandaliwa na East African Literature Bureau, ikapigwa chapa kuwa kitabu mwaka 1960. Tajiri mmoja anaonekana ameuawa penye mzimu, watu wanaogopa, na Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko chake, anaanza kuuliza maswali polepole mpaka ukweli unatoka. Hapana hadithi inayomfaa kijana zaidi ya hiyo. Kwa nini basi imechukiwa? Nilikwenda maktaba nikaitazama nakala yetu, ambayo ni moja tu. Kurasa za mwisho zimenyofolewa! Msomaji hukesha siku tatu na Bwana Msa, hufika pale hasa anapotaka kujua mwuaji ni nani, halafu hukuta jalada. Nani hatakasirika? Lakini hasira hiyo ni haki ya yule aliyenyofoa kurasa kwa sababu zake mwenyewe, si haki ya mtungaji. Kuitia stoo nakala hiyo ni kumfunga aliyeibiwa na kumwacha mwizi aende zake.

Cha pili ni Kusadikika cha Shaaban Robert, nacho kimepata kura nyingi za chuki. Niliowauliza walinijibu kwa maneno yanayofanana: "Kiswahili chake kigumu, tena hakuna kinachotokea." Nikawauliza wamefika ukurasa wa ngapi. Karibu wote waliishia kwenye kurasa za mwanzo, kabla kesi haijaanza.

Sikatai kuwa lugha ya Shaaban Robert ni nzito. Mtu huyu alizaliwa mwaka 1909 karibu na Tanga, akafariki mwaka 1962, na maneno yake mengine sisi vijana wa leo hatuyatumii tena. Lakini kusema kuwa hakuna kinachotokea si kweli hata kidogo. Karama, kijana wa nchi ya Kusadikika, ameshtakiwa na Waziri Majivuno mbele ya Mfalme kwa kosa la kuwafundisha watu elimu ya sheria. Akishindwa, maisha yake yamekwisha. Naye hajitetei kwa kulia wala kwa kuomba radhi. Asimulia habari za wajumbe sita waliotumwa nchi mbalimbali kutafuta mambo ya kuifaa nchi yao, nao wakarudi na maarifa mema, wakaambulia kufungwa gerezani. Mjumbe baada ya mjumbe, msomaji huanza kuona kuwa anayeshtakiwa hapa si Karama tena. Ni hao waliokaa barazani kumshtaki.

Na tukumbuke kitabu hiki kilitolewa mwaka gani. Kilitolewa mwaka 1951, miaka kumi kabla ya Tanganyika kupata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Mtumishi wa serikali ya kikoloni hakuweza kuandika waziwazi kuwa watu wananyimwa haki katika nchi yao. Akabuni nchi iliyoko hewani, akayasema yote humo. Wahakiki wengi wamekieleza hivyo, na aliyekisoma hawezi kuwabishia. Sasa sisi, wajukuu wa watu waliotetewa kwa werevu huo, twataka kumpeleka Karama stoo kwa kuwa maneno yake ni magumu. Karama aliachiwa huru na Mfalme wa Kusadikika mwishoni mwa kesi. Je, atafungwa na baraza la wanafunzi?

Cha tatu ni kitabu cha Kiingereza, Things Fall Apart, alichokiandika Chinua Achebe wa Nigeria mwaka 1958. Hapa sababu ya chuki yafahamika. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza au cha pili, aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, anakishika kitabu hiki, anafungua kamusi mara ishirini katika ukurasa mmoja, na mwisho anachoka. Kisha huandika kwenye karatasi ya kura kuwa kitabu hakifai.

Lakini kilichomchosha mwanafunzi huyo si habari za Okonkwo. Ni habari ya mtu hodari aliyeogopa jambo moja tu duniani, yaani kufanana na baba yake aliyekuwa mvivu na mwenye madeni. Kwa hofu hiyo aliupiga panga mwili wa Ikemefuna, kijana aliyemwita baba, ili watu wasimdhanie kuwa ni mwoga. Nani kati yetu hajawahi kumwona mtu akifanya ukatili kwa kuogopa kuchekwa? Mabwenini tunawaona kila muhula, wakati wageni wa kidato cha kwanza wanapofika. Kitabu hiki kimekwisha tafsiriwa kwa Kiswahili tangu mwaka 1973, kwa jina la Shujaa Okonkwo, kazi ya Clement Ndulute. Maktaba yetu haina hata nakala moja. Ingekuwa nayo, mwanafunzi angesoma kwanza kwa lugha anayoielewa, kisha akakirudia kwa Kiingereza bila hofu. Basi dawa ya kura hizo za chuki ni kuongeza kitabu kimoja rafuni, si kuondoa kimoja.

Katika orodha hiyo ya vilivyochukiwa, jina lililonisikitisha zaidi ni la Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe, tamthilia ya Edwin Semzaba. Mimi mwenyewe niliipigia kura ya kupenda, na naona fahari kusema hivyo. Ngoswe ni karani wa sensa anayefika kijijini kwa Mzee Mitomingi kuhesabu watu. Badala ya kuhesabu, macho yake yanamwangukia Mazoea, binti wa mzee huyo, kazi inalala, na mwisho wake mzee mwenye hasira anazichoma moto karatasi za serikali. Sensa ya mwisho katika nchi yetu ilifanyika tarehe 23 Agosti 2022, na wengi wetu tunawakumbuka makarani waliopita majumbani kwetu. Mtu akiwakumbuka hao, kisha akamsoma Ngoswe, atacheka mpaka machozi yamtoke, halafu atanyamaza, kwa kuwa ataona hasara yenyewe: kijiji kizima kimekosa kuhesabiwa kwa ajili ya uzembe wa mtu mmoja.

Wenzangu walioichukia hawakuisoma tamthilia hiyo hata kidogo. Walisoma notsi zake. Kila mmoja wetu ana daftari lililonakiliwa kutoka kwa waliotutangulia, nao walinakili kwa waliowatangulia wao. Humo mna dhamira sita, ujumbe sita, wahusika na sifa zao, tamathali za usemi nne, basi. Ngoswe mwenyewe hayumo, wala Mazoea hayumo, wala kicheko hakimo. Kukariri daftari hilo na kusema umeisoma tamthilia ni sawa na kula karatasi iliyoandikwa "pilau" na kusema umeshiba. Kisha mtu huyo asema pilau haina ladha!

Mpaka hapa nimesema juu ya vilivyochukiwa. Sasa nageukia kile kilichopendwa kuliko vyote, na hapa, ndugu wasomaji, nawaomba mnivumilie, kwa kuwa nitasema jambo lisilopendeza.

Kitabu kilichoshinda ni Takadini cha Ben Hanson. Ushindi huo kinaustahili. Kinasimulia habari za Sekai, mwanamke wa Zimbabwe ya zamani, aliyekaa miaka mingi bila mtoto, akadharauliwa na wake wenziwe, kisha akajaliwa mtoto wa kiume mwenye ualbino. Kwa desturi ya kwao mtoto wa namna hiyo hakuruhusiwa kuishi. Sekai akamfunga mtoto mgongoni, akatoroka usiku, akaenda zake porini mpaka kijiji cha ugenini. Huko mtoto akakua akichekwa na kukimbiwa na wenzake, mpaka mzee Chivero alipomchukua akamfundisha kupiga mbira. Tena yuko msichana, Shingai, aliyemchagua Takadini kuwa mumewe ingawa watu wake hawakutaka. Na jina lenyewe la mtoto ni swali. Katika lugha ya Kishona, Takadini maana yake ni "Tumefanya nini?"

Na tujiulize sisi swali hilo hilo. Shuleni petu yuko mwenzetu mmoja wa kidato cha pili mwenye ualbino. Wako wanaomwita kwa jina ambalo sitaliandika hapa. Wako wanaokataa kunywa kwa kikombe alichokinywea. Wako wanaomcheka anapokisogeza kitabu karibu na pua ili aone herufi. Na mmoja wa hao wanaocheka alituonyesha karatasi yake ya kura kabla ya kuitia sandukuni, kwa majivuno makubwa. Alikuwa ameandika kwa herufi kubwa kuwa Takadini ndicho kitabu bora, kwa sababu "kinafundisha kuacha ubaguzi". Maneno hayo nayajua. Yamo katika lile daftari la notsi, dhamira ya kwanza.

Jambo hili si mzaha. Katika miaka ya 2008 na 2009 habari za kuuawa kwa watu wenye ualbino katika nchi yetu, hasa mikoa ya Kanda ya Ziwa, zilienea duniani kote. Watu waliuawa kwa ajili ya imani za ushirikina, watoto wakapelekwa kuishi mbali na wazazi wao ili wapate usalama. Tangu mwaka 2015 tarehe 13 Juni imewekwa na Umoja wa Mataifa kuwa siku ya kuwakumbuka watu wenye ualbino duniani. Mauaji hayo hayakuanza kwa panga. Yalianza kwa jina baya, kwa kicheko, kwa kikombe kilichokataliwa. Yalianza kwa kumwona mtu kuwa si mtu kamili. Aliyekisoma kitabu cha Takadini ukurasa kwa ukurasa, akatembea na Sekai usiku ule, hawezi kutoka humo akaenda kumcheka mwenzake bwaloni. Ama hakukisoma, ama alikisoma kama mtu asomaye tangazo la bei.

Nilimwendea mwenzetu huyo nikamwuliza yeye alipigia kura kitabu gani. Akanijibu kuwa hakupiga kura. "Kaka, mwaka huu sijakimaliza kitabu hata kimoja," akasema. Akanieleza kuwa herufi za vitabu vingi ni ndogo, taa za darasa lao wakati wa prepo ni hafifu, na nakala ni chache, hata mwenye zamu inayofuata hukidai kitabu kesho yake asubuhi, naye yeye bado yuko sura ya pili. Takadini alikianza mara mbili. Hajui kama mtoto yule aliokoka. Akaniomba nisimwambie, kwa kuwa anataka kusoma mwenyewe.

Amenipa ruhusa kuandika haya bila jina lake. Mimi naona kuwa katika shule nzima huyu ndiye aliyetenda haki kuliko wengi wetu. Hakukipenda kitabu asichokimaliza wala hakukichukia. Na kitabu kilichopata kura nyingi kuliko vyote ndicho ambacho yeye, miongoni mwetu, amekosa kukisoma. Baraza likinunua nakala arobaini zaidi za Takadini, zenye herufi zilezile ndogo, hata moja haitamfaa.

Mtu aweza kuniuliza: "Wewe unayewahukumu wenzio, unacho kitabu ulichokichukia?" Ninacho, nami nimekisoma mara mbili. Ni Mashimo ya Mfalme Sulemani, hadithi aliyoitunga Mwingereza Rider Haggard mwaka 1885, ikafasiriwa kwa Kiswahili na Frederick Johnson na kutolewa mwaka 1929. Kiswahili chake ni kitamu, na safari ya jangwani humfanya msomaji aone kiu. Hayo nayakubali. Lakini Wazungu watatu wanaingia nchi ya watu, na kila jambo kubwa linatendeka kwa ajili yao. Msichana Foulata anamwuguza mmoja wao, anampenda, kisha anauawa akiwatetea. Na mtungaji anaonekana kupumua kwa kuwa kifo hicho kimeondoa aibu ya ndoa yao. Jambo hilo lilinichoma. Walakini sitaki kitabu hicho kitolewe rafuni. Nataka kikae palepale, na mwingine akisome, aje tubishane. Tukikificha, vijana watakaotufuata watajuaje jinsi babu zao walivyoandikwa na wageni, na kwa nini akina Achebe na Shaaban Robert waliona lazima washike kalamu wenyewe?

Najua majibu yatakayotolewa. La kwanza ni kwamba Mtihani wa Taifa uko karibu, na mtihani hutaka fani na maudhui, hautaki mtu aliyecheka wala aliyelia. Ni kweli kuwa mtihani una haki yake, nami mwenyewe naukabili mwaka huu. Lakini mtu aliyekisoma kitabu hupata mifano yake mwenyewe, wala hababaiki swali likigeuzwa kidogo. Aliyekariri dhamira sita, akiulizwa ya saba, amekwisha.

La pili ni kwamba nakala hazitoshi. Hilo ni kweli tupu. Darasa letu lina watu zaidi ya hamsini, na nakala za Takadini ni nne. Lakini tusisahau kuwa kabla ya watu wetu kuwa na vitabu walikuwa na masikio. Bibi mmoja husimulia hadithi moja, na watoto ishirini hulala nayo. Kwa hiyo natoa mashauri yafuatayo, nikiyaomba yafikiriwe kabla baraza halijakata neno.

Kwanza, kila Jumamosi jioni, baada ya chakula, bwalo letu litumike kwa muda wa saa moja kwa kusoma kitabu kwa sauti. Wasomaji wawe wanafunzi wenye sauti nzuri, wapokezane sura kwa sura, na asiyependa asilazimishwe kuja. Kitabu kimoja kikisomwa hivyo, watu mia wamekisoma. Tamthilia kama Ngoswe isomwe na watu wengi, kila mmoja na sehemu yake, maana tamthilia ilitungwa ili isikike. Na kitabu cha kwanza kiwe Takadini, tangu ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho, ili aliyeishia sura ya pili ajue mwisho wake pamoja nasi sote, na waliokipenda kwa daftari wakipende kwa haki. Jambo hili halihitaji shilingi hata moja.

Pili, fedha ya vitabu isinunue vile tulivyokwisha kuvipenda peke yake. Kura haiwezi kumchagua asiyesimama. Mwaka 2021 Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa Zanzibar, alipewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi, na nchi nzima ikashangilia. Riwaya yake ya mwaka 1994, iitwayo Paradise, imetafsiriwa na Ida Hadjivayanis kwa jina la Peponi, ikatolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Ni habari za Yusuf, mtoto wa miaka kumi na miwili anayechukuliwa na mfanyabiashara kwa ajili ya deni la baba yake. Hakuna aliyekipigia kura kitabu hicho, wala kwa kupenda wala kwa kuchukia, kwa kuwa hakimo maktabani mwetu. Basi nusu ya fedha na inunue vinavyopendwa, na nusu inunue tusivyovijua, pamoja na nakala nzima ya Mzimu wa Watu wa Kale, na Shujaa Okonkwo kama kitapatikana. Na kutoka katika fedha hiyo hiyo inunuliwe lenzi ya kukuzia herufi, ikae mezani kwa mkutubi, aitumie yeyote mwenye macho yenye shida.

Tatu, mwakani kura ziendelee, ila kila anayepiga kura aandike mistari mitatu: jambo moja lililotokea katikati ya kitabu, na sababu yake ya kupenda au kuchukia. Asiyeweza kuandika mistari hiyo, karatasi yake isihesabiwe. Naamini orodha itakuwa fupi, lakini itakuwa ya kweli, na wengine wetu watashangaa kuona vitabu vilevile vimebadilishana mahali.

Kwa wazazi wetu nina neno moja. Likizo inapofika, msituulize tu tumekuwa wa ngapi darasani. Tuulizeni tumesoma kitabu gani, kisha mtuambie tuwasimulieni. Mtoto aliyekisoma atasimulia mpaka chakula kipoe. Aliyesoma daftari atamaliza kwa sentensi mbili, nanyi mtamjua papo hapo.

Kwa walimu wetu, ambao wengi wametuvumilia na kutupa hata vitabu vyao wenyewe, naomba kwa heshima kuwa Karama, Okonkwo, Ngoswe na Bwana Msa wasipelekwe stoo. Kama wana makosa, yatajwe na watu waliowasikiliza. Na kwa wenzangu niseme hivi: muhula ujao mimi sitakuwapo barazani, kwa kuwa nitakuwa nimemaliza. Shauri litaamuliwa na ninyi mnaobaki. Kabla hamjainua mikono, kila mmoja na achukue kitabu kimoja katika vile vilivyochukiwa, akakisome chote. Akiona bado hakifai, na ainue mkono wake bila kuogopa. Hapo atakuwa na haki ya kuuinua.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne